Kitanda cha Mjumbe wa Mazingira

6 Oktoba, Jumatatu

Papa Donat, msimamizi wa home yetu ya wanafunzi, ametukusanya uani. Kasema tunachoma magunia kumi na mawili ya makala, yaani mkaa, kila mwezi, na miti ya barabara ya kuelekea mji wa Kipushi yote imeishia kwenye babula zetu, haya majiko yetu ya jikoni. Atakayepata njia ya kupunguza makala atakuwa mjumbe wa mazingira na kupewa kitanda rasmi.

Kitanda! Mimi ni maquisard, yaani nalala humu bila kuandikishwa, sakafuni, kati ya kitanda cha rafiki yangu Ruphin na mlango. Mlango wenyewe unafungukia ndani. Tangu leo naipenda miti kwa moyo wote.

7 Oktoba, Jumanne

Nina mpango. Unaloweka karatasi chakavu, unachanganya na vumbi la makala, unafinyanga mipira, unaanika. Nimeona kwenye simu, inawaka vizuri sana.

Mpinzani ni mmoja tu: Clotilde, naye maquisard, upande wa wasichana. Ana kikapu kilichojaa matambara. Eti anachemsha maharage dakika ishirini, anafukia sufuria kikapuni, anakwenda darasani, akirudi yameiva. Nimecheka kwa sauti ili asikie.

8 Oktoba, Jumatano

Clotilde alipokuwa darasani nimefunua kikapu chake jikoni, joto litoke, maharage yabaki magumu. Nimechelewa. Yalikuwa laini kabisa. Nimekula sahani moja kwa uchunguzi. Halafu ya pili, kwa uhakika. Nimefunika vizuri.

Shida ni karatasi. Siku hizi kila mtu anasoma kwenye simu. Vyumba vyote vimenipa kalenda mbili na bahasha. Lakini chini ya kitanda cha Ruphin kuna katoni nzima, karatasi zimeandikwa pande zote mbili. Karatasi ikijaa pande zote mbili imemaliza kazi yake, hilo halina ubishi. Ruphin yuko kwa dada yake, mtaa wa Kamalondo, mpaka Ijumaa. Sikutaka kumsumbua.

9 Oktoba, Alhamisi

Mipira themanini na mitatu juu ya paa. Jua la Oktoba linanifanyia kazi bure. Nimeanza kufikiria rangi ya shuka.

11 Oktoba, Jumamosi

Siku ya majaribio, home nzima uani. Clotilde ametangulia. Amefungua sufuria, Papa Donat ameonja, akaonja tena. Clotilde akaongeza kwamba Jumatano kuna mtu alimaliza nusu ya maharage yake kabla ya saa sita, kwa hiyo hata wezi ni mashahidi. Watu wamecheka. Mimi pia, kidogo.

Zamu yangu. Nimewasha. Moshi, moshi, moshi. Papa Donat akakohoa, akasema, “Edouard, hii iko moto ao iko ukungu?” Nikapuliza. Mpira mmoja ukapasuka, kipande cha karatasi kikatoka, hakijaungua, maandishi safi kabisa. Ruphin akakiokota. Akasoma polepole: “Swali la ine. Uko na batoto ngapi?”

Akaniangalia.

“Hii iko maandiko yangu,” alisema.

Ni majibu ya akina mama sitini wa Kipushi, juu ya vumbi la migodi na vikohozi vya watoto. Wiki tatu za kupita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya tasnifu yake. Anaitetea mwezi ujao. Sikujua. Sikuuliza pia. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi, kipande mkononi. Afadhali angenipiga.

Clotilde ndiye aliyeleta beseni. Tumebomoa mipira mmoja mmoja hadi jioni, yeye, Ruphin na mimi. Fomu tisa zinasomeka.

Kitanda amepewa Clotilde.

13 Oktoba, Jumatatu

Kipushi, pamoja na Ruphin. Amesema nitaandika mimi, maana mkono wangu hauna kazi nyingine. Mama wa kwanza, Mama Lydie, ametutazama sana. “Si ulikuya mwezi ilipita? Batoto ni bale bale.” Ruphin akamweleza taratibu kwamba karatasi zilipata ajali. Hakunitaja. Nyuma yake mtoto wake wa mwisho alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na kalamu yangu ikasimama kidogo. Halafu nikaandika.

16 Oktoba, Alhamisi

Tumerudi na fomu hamsini. Mama mmoja amehamia Zambia. Ruphin amesema nitaendelea kulala pale pale, karibu na mlango, lakini katoni mpya inakaa chumbani kwa Clotilde, chini ya kitanda chake kipya. Na nisiguse kitu chochote cha home hii bila kuuliza. Nimeapa.

Ila nimeona jambo. Maji ya bafu la ghorofa ya juu yanapotea bure. Yangegeuzwa kidogo tu kuelekea uani, tungelima mboga za lengalenga mwaka mzima, na mwenye wazo bila shaka angepata chumba. Mtu wa kumuuliza sikumwona, wote walikuwa darasani, basi saa nane nimekata bomba. Maji yanatoka kwa nguvu nzuri. Bado sijajua yanakwenda wapi.

Papa Donat anapanda ngazi, ananiita kwa jina langu lote. Amekunja suruali mpaka magotini. Nadhani anakuja kunipongeza.