Dubu Aliyemla Mpishi

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka sabini na tisa. Nimedumu kuliko meli mbili, manahodha watatu, meno yangu yote ukiondoa sita, na daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi sitafika sitini. Mazishini kwake nilikwenda. Chakula hakikuwa na chumvi.

Shule niliishia darasa la pili, lakini penseli naijua. Naandika kwa sababu leo nimepata habari mbaya na sina wa kumwambia. Wa kuambiwa wote ndio wa kufichwa.

Habari yenyewe: Mpishi yu hai.

Nianze mwanzo. Nyumba hii ina Daftari la Safari, jalada jekundu, linakaa juu ya kabati la vyombo. Mtu wa ukoo akisafiri akakutana na mnyama, anaandika humo, na aliyekuwepo anatia sahihi. Mwanangu wa lori alizuiwa njiani na tembo saa tano. Utingo wake katia dole gumba. Binti yangu nesi, akiwa masomoni nchi ya baridi, kaibiwa kiatu na mbweha. Mama mwenye nyumba akaleta sahihi kwa posta. Mke wangu alikaliwa mapajani na tumbili ndani ya treni, tumbili akala tiketi. Mkaguzi wa tiketi alisaini palepale, amenuna.

Sheria ya sahihi niliitunga mimi. Niliitunga kumkomesha shemeji, kaka wa mke wangu, aliyejiandikia kurasa tatu eti kapigana na mamba. Shahidi hana. Nikazichana mbele ya wageni, ukurasa mmoja mmoja, taratibu. Miaka ishirini na sita sasa, bado akinipa mkono ananipa vidole viwili.

Kurasa zangu mimi ni kumi na moja. Hakuna aliyenifikia. Dubu mweupe, nchi ya barafu, mimi na spana. Sahihi haipo, kwa kuwa tulikuwa wawili tu, mimi mtia grisi wa mashine na mpishi wa meli, na chini nimeandika: Shahidi aliliwa na dubu. Hapo nani atauliza tena?

Sasa mjukuu wangu wa miaka kumi, tunayemwita Wakili kwa maswali yake, kaitia picha ya zamani ya meli yetu mtandaoni kwa simu ya mama yake. Leo kajibiwa na msichana wa mji mwingine: huyo mwenye aproni ni babu yangu. Wanakuja Jumamosi, treni ya saa nane mchana.

Wakili kaniuliza kama ndiye yuleyule aliyeliwa. Nikamwambia hakuliwa mwili wote.

Jumanne, 5 Machi

Chai imenishinda. Mke wangu akauliza nina nini. Nikasema umri.

Lakini kichwa changu hakijawahi kuniangusha. Walipotoka watu wa nyumbani nilishusha Daftari nikapachika neno moja tu: Shahidi aliliwa mguu na dubu. Penseli juu, wino wa zamani chini, ila ukisimama mbali huoni tofauti. Nikajipongeza kwa kipande cha mkate.

Mchana, kama mtu asiyejali, nikamtuma Wakili aulize kwenye simu yule babu anatembeaje siku hizi. Jibu limekuja kabla sijakaa. Babu anafundisha dansi.

Mguu nimeufuta. Karatasi imetoboka.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kasikia. Kapiga simu, kasema naye Jumamosi atakuwepo, amemkumbuka sana dada yake. Miaka yote hii hajawahi kumkumbuka.

Alhamisi, 7 Machi

Nilichukua simu ya mke wangu wakati anaanua nguo. Nikaingia chooni, nikafunga komeo, nikampigia yule msichana, kwa namba niliyoinakili kwenye simu ya mama yake Wakili. Nikakaza sauti. Nikasema mimi ni bwana afya, nyumba mnayotaka kuja imeingiwa na homa kali, ya vipele, na babu kizee aliyemo hali yake si nzuri, kila mtu abaki kwake.

Msichana akanipa pole. Akasema mama yake pia ni bwana afya, au tuseme bibi afya, ngoja amwite tuongee, nitaje tu ofisi yangu. Nikakata.

Simu ikalia. Nikaiweka chini ya ndoo. Ikalia ndani ya ndoo. Mke wangu akagonga mlango, akaniambia, mzee, ndoo yako inaita.

Kaongea na yule msichana kwa upole uani, mimi nasikia. Alipomaliza akasema kumbe nyumba nzima tunaumwa na hakuna aliyetuambia. Akaenda kukunja nguo. Hilo ndilo linanitisha. Akigomba namjua. Akikunja nguo simjui.

Ijumaa, 8 Machi

Daftari lisipoonekana, hakuna cha kuchana. Nashangaa sikuliwaza hili mapema. Nimelificha chini ya godoro la chumba cha wageni, maana wageni ni kesho na hawalali, wanarudi Jumapili kwa... hapana, wanalala. Nimekumbuka hivi sasa ninavyoandika.

Baadaye. Nilikwenda kulitoa nikakuta shemeji amelala juu yake. Kaja siku moja kabla. Kasema treni za Jumamosi hujaa. Alilalamika mgongo, akanyanyua godoro, akalikuta. Akakaa kitandani akasoma kurasa zote kumi na moja mpaka chakula kilipoiva. Mezani akaniuliza, kwa adabu, hili tundu hapa ni la risasi?

Amekuja na rula. Rula ya chuma. Nikamuuliza ya nini. Kasema, ili karatasi ichanike vizuri, shemeji, isije ikaharibu za wenzio.

Kurasa kumi na moja si mchezo. Wajukuu wamelelewa kwa hadithi hiyo. Wakili huko shule ameshaiandikia insha mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kidogo kidogo, maana siku ilikuwa ndefu.

Stesheni tulikwenda wote. Mpishi kashuka na miguu miwili, suruali ya kunyooshwa, na wajukuu wawili wa kike. Mmoja wao kaniona akamshika babu yake mkono. Akauliza, sauti ya kusikika jukwaa zima, kama mimi si yule aliyezama chini ya barafu akiita jina la mama yake.

Mpishi akaangalia mzigo wake. Mimi nikaangalia reli. Ndipo nikaelewa kwamba hata kwao kuna daftari.

Tulishikana mikono. Yake ilikuwa na jasho kuliko yangu.

Nyumbani shemeji kaiweka rula katikati ya meza, sambamba na kijiko. Nilitegemea tutakuwa na nafasi ya kupatana, mimi na Mpishi, dakika mbili tu. Wapi. Wakili alimpeleka Mpishi jikoni, mimi akaniacha sebuleni, akafunga mlango wa katikati. Akaniuliza spana nilishika mkono gani. Nikasema wa kulia. Akaenda jikoni kuuliza hilohilo. Akarudi akasema Mpishi anasema hukushika spana, ulimshika yeye.

Basi. Mpishi alikuwa mwoga siku zote. Swali la kwanza tu, kamwaga yote.

Yote yenyewe ni haya. Dubu tulimwona. Hilo haliondoki. Alikuwa mbali, mdogo kama punje ya mchele, na nahodha ndiye mwenye darubini. Sisi tulikimbilia stoo ya viazi tukajifungia, mlango ukagoma. Tulikaa saa sita tumekumbatiana juu ya magunia. Halafu dubu akagonga mara tatu, akauliza kwa nini chai haijaletwa.

Alikuwa nahodha.

Walicheka. Mwanangu wa lori alitoka nje kucheka. Binti nesi alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Wajukuu wa Mpishi wakamtaka arudie pale pa chai, naye akarudia, mjinga, akiigiza na sauti. Mke wangu hakucheka mara moja. Alisema mwaka ule niliporudi niliacha taa ya koridoni ikiwaka miezi mitatu, na nikisikia mtu anagonga mlango natafuta mahali pa kwenda. Alisema alijua tangu hapo kwamba spana haikuwepo. Ndipo akacheka, akanishika sikio kama mtoto.

Wakili kazichana kurasa kumi na moja. Kwa rula. Shemeji alishika upande wa pili. Kisha Wakili akaandika ya kweli, nusu ukurasa, Mpishi akatia sahihi, na kila mtu akasema ni hadithi nzuri kuliko zote za Daftari. Nusu ukurasa. Tumbili wa mke wangu ana ukurasa mzima.

Shemeji alinipa mkono. Vidole vyote vitano.

Jumapili, 10 Machi

Treni yao ni saa tisa. Asubuhi nilikaa na Mpishi kwenye ngazi za nyuma, tukimenya viazi. Akasema kwenye daftari la kwao atabakiwa na robo ukurasa. Nikampa pole.

Nikamkumbusha yule nyangumi. Akauliza nyangumi yupi. Nikamwambia yule wa kurudi, aliyeinua meli kwa mgongo wake. Akamenya kiazi kizima. Akasema, kweli, sasa anaanza kumwona.

Tumepatana mambo yote mapema safari hii: mkono upi, saa ngapi, upepo wa wapi. Yeye atanitilia sahihi, mimi nitamtilia yake. Kwenye daftari lake, mimi ndiye niliyemezwa. Kwenye letu, ni yeye, lakini kidogo tu, mpaka kiunoni, ili Wakili asipate pa kushika.

Shemeji kasahau rula yake. Nimeitumia kupiga mistari. Kurasa kumi na nne.

Yote haya ni kweli tupu, na asiyeamini amuulize Mpishi. Yu hai. Nimemwona mwenyewe.