Mpira wa Shemeji Unapinda

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezi ya kriketi, nimetolewa tena. Mpira wa kwanza! Mrushaji: shemeji, mume wa dada yangu, mfamasia mwenye mikono laini kama ya mtoto mchanga. Mpira wake unakuja umenyooka, kwa adabu. Ukikaribia unapinda nje kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka. Kibao changu kikaugusa kidogo tu. Ukadakwa nyuma yangu kabla haujagusa chini, basi nikatoka. Nahodha kasema Jumapili ni mechi ya uteuzi, nusu ya klabu dhidi ya nusu. Nikiboronga, mwingine ndiye atakayefungua kupiga, yaani kuwa mpigaji wa kwanza wa timu. Nafasi hiyo ilikuwa ya Baba miaka kumi na tisa.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita kwa Baba. Kauliza kama ni kweli mkwe wake ananitesa. (Dada ana mdomo!) Akasimama sebuleni akanionyesha: usiufuate mpira, usubiri ufike chini ya macho, mikono ilegee, unaokwenda nje uuache uende zake. Nikamwambia kwa heshima kwamba mipira ya siku hizi si ya enzi zao. Akawasha redio. Atakuja Jumapili, mara ya kwanza tangu apasuliwe nyonga.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezini nimetumia akili yangu mwenyewe. Nikasogea mbele hatua mbili, niupige kabla haujapata muda wa kupinda. Nikaukosa. Mdakaji aliyekuwa nyuma yangu akaangusha vile vijiti vitatu ninavyopaswa kuvilinda, nikiwa bado huko mbele nimeduwaa. Shemeji, kwa sauti ya kuuzia dawa ya kikohozi: "Pole shemeji, utazoea." Utazoea!

Ijumaa, 7 Machi
Nimeng'amua! Mpira unapinda kwa sababu upande mmoja unang'aa na mwingine umekwaruzika. Na mtunza vifaa vya klabu ni nani? Mimi. Nimejifungia jikoni na mpira wa Jumapili na kipande cha msasa. Mke wangu akauliza nafanya nini. Usafi, nikasema. Nimeusugua ule upande uliokwaruzika mpaka ngozi ikaota manyoya. Mpira uliochakaa hivi utapindia wapi? Mpira kwisha. Shemeji kwisha.

Jumapili, 9 Machi
Haukupinda. Ulikata kona! Ulinijia miguuni, nikageuka niupige, ukabadili nia, ukang'oa kijiti cha mwisho. Mpira wa kwanza. Nikasikia Baba akipiga makofi, nikadhani ananifariji. Yalikuwa ya mkwe wake. Baadaye akaugeuzageuza ule mpira, akauliza nani kamsaidia mkwe wake kiasi hiki, maana upande mmoja ukiparuzwa na mwingine ukaachwa uking'aa, unapinda zaidi. Akanikabidhi mpira. Nikasema labda panya. Akaondoka kwa gari la shemeji. Mimi kiti cha mbele cha gari langu nilikuwa nimekifuta kwa ajili yake.

Jumatatu, 10 Machi
Nahodha katangaza: atakayefungua kupiga ni shemeji. Vifaa nimenyang'anywa. Baba kapiga simu. Kutolewa hakumkasirishi, kasema, hata yeye alitolewa mara nyingi. Kinachomuuma ni ule msasa, alama zake alizitambua kwenye ngozi ya mpira. Akanisihi niende jioni, tuanze upya, nusu saa tu, kusubiri na kuacha. Sauti yake ilikuwa ya upole. Nikamwambia nina shughuli. Na kweli ninayo: naandika barua ya kujiunga na klabu ya ng'ambo ya reli. Nimewaeleza kwamba mimi ni mrushaji. Mipira ya kupinda, nimeandika, ndiyo fani yangu.