Utando wa Shemeji na Mtaro Wangu

Jumatatu, 4 Mei
Leo saa tatu asubuhi nimepoteza mtaro. Mkaguzi wa manispaa ameuziba kwa mfuniko na lakiri, mbele ya wateja, akisema maji ninayooshea injini yanafika mtoni na mafuta yake. Nikiweza kuyatenganisha kufikia Ijumaa, ataufungua. Nisipoweza, gereji basi. Miaka ishirini na mbili ya jasho langu.

Mtaro wa shemeji haujaguswa. Huyu ni kaka wa mke wangu, anaosha magari ng'ambo ya ukuta. Eti ana utando, kitu kama karatasi ngumu yenye vitundu visivyoonekana: maji yanapita, mafuta yanabaki. Amenikaribisha nikautazame. Nimemwambia nina shughuli. Sina.

Jumanne, 5 Mei
Mbinu ya kwanza: sabuni ya vyombo, chupa nne ndani ya pipa la maji machafu. Nikakoroga. Mafuta yakatoweka! Maji yakawa meupe pe. Shemeji akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama nimefungua kiwanda cha maziwa, nimwekee lita mbili. Mke wangu akacheka hadi akakaa chini. Damu yao moja.

Jumatano, 6 Mei
Nimenunua utando wangu, mkubwa kuliko wake. Mwuzaji, mama mmoja mwenye maneno mengi, akasisitiza niuloweshe kwa maji safi kabla ya kuufunga, mafuta yasiuguse kwanza. Nikaitikia, ndiyo mama. Anifundishe kazi mimi? Kila kichujio kipya cha gari nakipaka mafuta kwenye mpira wake ndipo nakifunga. Utando nikaupaka pande zote mbili, taratibu, kwa upendo. Nikamimina maji. Yakakaa juu yake kama mgeni anayesubiri chakula. Hadi jioni halijapita hata tone. Mke wangu akauliza mwuzaji alisemaje. Nikamjibu wauzaji husema mengi.

Alhamisi, 7 Mei
Shemeji kaenda kumwona mama mkwe. Nikapenyeza bomba chini ya ukuta, nikaelekeza maziwa yangu kwenye utando wake. Lita mia mbili. Utando ukaziba, uwanja wake ukafurika povu. Aliporudi hakugomba, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema tu kwamba sabuni imeyasaga mafuta yakawa chembechembe, ndizo zilizojazana kwenye vitundu. Tukauosha utando wake sisi wawili, ndani ya pipa lake. Tukachota maji mengine machafu, yasiyo na sabuni, tukaacha mafuta yaelee, tukayaengua, yaliyobaki tukayapitisha. Yakatoka maangavu. Nikatamani kumkumbatia. Nikajizuia.

Ijumaa, 8 Mei
Mkaguzi kajaza glasi maji hayo, kaielekeza kwenye jua, kafungua mtaro. Kampa shemeji mkono. Shemeji kasema fundi hasa ni mimi. Mwongo mwenye adabu.

Mke wangu kaniambia nimshukuru kaka yake kwa maandishi, maana mdomo wangu hauaminiki. Nimekaa, nimeandika:

Shemeji yangu mpendwa, katika zile lita mia mbili zilizopita chini ya ukuta, lita kumi na moja zilikuwa mafuta, na yalitoka kwenye injini za wateja wangu. Tulipoosha utando yakabaki kwenye pipa lako. Je, unayarudisha? Sitaki hadithi. Ndiyo au hapana, kabla ya kesho saa nne asubuhi.