Blanketi la Kichuguuni

Leo nimeadhirika ukweni, tena siku ya kwanza kabisa kwenda kujitambulisha.

Nimetoka Musoma mjini na baiskeli ya kuazima, nyuma nimefunga mche wa sabuni na sukari niliyoipangia foleni hadi miguu ikavimba. Nyangeta, mchumba wangu, alishanionya: "Ukikutana na mama njiani, kaa pembeni, inamisha macho. Huku mkwe hamwangaliagi mama mkwe usoni." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sisi watu wa Tanga tumefundwa. (Tumefundwa sana.)

Nilipopita Nyegina mvua ikakatika. Ni mchana, lakini mawingu yameshuka, na njia nzima hakuna mtu wala mbuzi. Nikasikia mvua inanyesha. Nikatazama juu, hainyeshi. Ilikuwa inanyesha chini, ndani ya shamba la mihogo, ti-ti-ti, sehemu moja tu. Na katikati ya mvua hiyo kitu kinaguna taratibu, kama mtu anayeita majina.

Nikasogea (akili nilishaziacha Musoma). Juu ya kichuguu kulikuwa na blanketi la kijivu lenye kiraka chekundu. Linapanda, linashuka. Linapumua. Nikajikumbusha kwamba nimekuja kuoa, na mwanamume hakimbii blanketi. Nikalishika pembe, nikalivuta.

Mabawa! Yalinijaa machoni, mdomoni, masikioni. Ndani yake kikongwe chenye nywele nyeupe kimechuchumaa, vijiti mkononi, kinanitazama. Nami nikakitazama, usoni kabisa, nikapiga ukunga ambao sikujua ninao.

Baiskeli nikaiacha. Nikafika kwa baba mkwe nahema.

"Mzee, kuna jini kwenye kichuguu. Limejifunika blanketi."

"La kijivu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Lina kiraka chekundu?"

"Hilohilo. Kumbe unalijua?"

"Najifunikaga hilohilo usiku."

Mama mkwe akaingia akikokota baiskeli yangu, mabawa yamejaa kwenye nywele. Nyangeta, aliyekuwa amekufa kwa aibu, akaninong'oneza: wanagonga vijiti ili kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke. Nyama hakuna, dagaa hakuna, hiyo ndiyo ilikuwa mboga yangu. Nimeirusha yote.

Tumekula ugali wa unga wa njano kwa kumbikumbi wachache wa kukaanga, wale walionasa kwenye shati langu la mtumba. (Watamu, wana mafuta. Roho iliniuma zaidi.)

"Na posa?" Mzee akauliza.

Mama mkwe akajibu akiwa ameutazama ukuta. "Mvua ijayo akae yeye chini ya blanketi. Akileta mboga, achukue mke."

Nikashukuru sana. Nikamwomba radhi pia kwa kumkatiza alipokuwa anaguna.

Akageuka. "Mimi sikuguna. Pale tunakaaga kimya."

Mzee akainuka, akaenda kufunga mlango.

Basi ndugu zangu, posa imekubaliwa, na mvua inanukia. Atakayecheka ndiye atakayenisindikiza kichuguuni.