Madirisha Sita ya Baba Mkwe

Jumamosi, 6 Aprili

Madirisha yameibwa. Yote sita! Mchana kweupe, mbele ya nyumba yangu, hapa Strathalbyn, mji ambao watu wake hujisifu kwamba hawafungi milango.

Niandike kwa utaratibu, maana hasira inanikoroga. Karavani ya marehemu baba mkwe, kile kijumba chake cha alumini cha kuvutwa na gari, cha mwaka 1961, iko uani kwangu tangu Krismasi. Naikarabati. Mpira wa kuzuia maji kwenye madirisha ulikuwa umekauka ukawa kama biskuti. Kwa hiyo jana nikayang'oa yote, fremu na vioo vyake, nikayaosha, nikayapanga mbele ya nyumba kwenye zile nyasi za kando ya barabara, pale penye jua. Nikaingia ndani kunywa chai. Nikasinzia kidogo. Natoka nje: nyasi tupu.

Mke wangu Glenys aliitazama barabara juu hadi chini, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu chochote nakiona. Nikakiona. Mbele ya kila nyumba kuna rundo: makochi yaliyopasuka, magodoro, feni zisizo na mabawa. Wiki ya taka kubwa! Nilisahau. Wiki hii unachoweka nyasini umekitupa, na mpita njia yeyote anajichukulia.

Akanikumbusha kwamba sheria hiyo naijua kuliko wote. Hapo alitaka kuleta habari ya mashine ya Merv. Mwaka jana jirani yetu Merv Schubert, mwenyekiti wa klabu yetu ya karavani za kale, aliweka mashine yake ya kukatia nyasi nje, wiki ya taka, akaingia ndani kuchukua kitambaa cha kufutia oili. Alipotoka, mashine ilikuwa gereji kwangu. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba kilichoko nyasini ni cha aliyekiwahi. Amenuna mwaka mzima. Watu wengine hawajui kushindwa.

Lakini hili la leo ni tofauti. Haya ni madirisha yangu.

Na Glenys ametoa amri. Pasaka klabu inakwenda kupiga kambi Renmark, kando ya mto. Kama hadi wakati huo karavani ya baba yake haina madirisha, au inavuja, anampa kaka yake Trevor. Trevor ataipaka rangi ya waridi na kuuzia kahawa sokoni. Glenys alijifunzia kusoma ndani ya karavani ile, kwenye kitanda cha nyuma, mvua ikigonga kioo. Alinieleza hayo huku anaondoa sahani mezani, hakunitazama. Bora angenipigia kelele.

Jumapili, 7 Aprili

Mwizi ni Merv. Ushahidi sina, wala siuhitaji. Ana karavani ya aina ileile, mwaka uleule, inang'aa hadi inatia kichefuchefu. Anaipangusa kwa soksi! Mwanamume mzima.

Nimepanda ngazi nikijifanya nasafisha mfereji wa paa, nikachungulia gereji yake. Ametundika turubai mlangoni. Mtu mwenye moyo safi anaficha nini kwa turubai?

Saa kumi, Glenys akiwa kwa dada yake, Merv akaja kubisha hodi. Nikajilaza nyuma ya kochi. Ama amekuja kunicheka, ama kudai mashine. Thubutu! Akabisha, akangoja, akaenda zake. Ushindi wangu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimezunguka tangu asubuhi. Yadi ya vyuma chakavu: hakuna. Fundi vioo wa Murray Bridge aliniuliza karavani ni ya mwaka gani, nikamtajia, akamwita mwenzake aje asikie. Wakacheka wote wawili. Kiwanda kilikufa kabla wao hawajazaliwa. Vijana wa siku hizi wanacheka kila kitu kisicho na waya.

Ndipo nikapata akili. Bi Elspeth Noske, mjane mwenye shamba njia ya kwenda Langhorne Creek, ana karavani kama yetu kabisa. Analaza kuku ndani yake. Nikaenda na kikapu cha nyanya zangu kumlainisha. Akazigeuzageuza, akasema, "Bwana Clive, hizi hata kuku wangu watazisusa." Mama huyu hakufunzwa adabu.

Hata hivyo akaniambia niingie nichukue ninachotaka. Nikatambaa humo ndani. Fremu zimepinda, vioo vimevunjika, pamezibwa kwa wavu. Mahali pamoja tu, upande wa nyuma, palikuwa na alama safi ya kioo kilichotolewa juzijuzi. Nikauliza. Bi Noske akasema Merv alikuja jana akakichukua hicho kioo kimoja kizima, akasema ni cha kukamilishia madirisha ya... Sikungoja amalize. Ya nani tena kama si yake? Loh! Mtu huyu hatosheki. Ana madirisha yake, ana yangu, sasa anafuata ya kuku!

Nikainama nichomoe mpira angalau. Jogoo akanirukia mgongoni. Bi Noske alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akambembeleza jogoo, si mimi: "Mwache, baba, mwache, ana shida zake." Mpira wenyewe ukanipukutikia mkononi.

Mgongo nimejipaka dawa mwenyewe kwa mwiko. Saa tisa Merv akabisha tena. Nikazima redio, nikabana pumzi nyuma ya pazia. Atachoka yeye.

Alhamisi, 11 Aprili

Akili imenijia nikiwa gereji na bia mkononi. Nilifungua friji la zamani, nikalifunga. Pap! Likajikaza. Nikalifungua tena. Pap! Mpira! Laini, mweupe, unaozuia hata hewa, sembuse maji. Miaka yote hii jibu lilikuwa hapa likinipozea bia. Merv angeagiza mpira rasmi, angoje wiki na wiki, kwa sababu ubunifu hana.

Nimeuchomoa wote kwenye mlango wa friji. Mlango bado unafungika vizuri ukiuegemeza ndoo. Vioo nimevikata kwenye plastiki iliyozunguka bafu letu la zamani. Ina picha za pweza. Inafaa, tunakwenda majini.

Hitilafu ndogo. Mpira wa friji una sumaku ndani yake, nayo haishiki alumini. Hiyo ni kasoro ya alumini. Nimetumia silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, mirija yote niliyokuwa nayo na mmoja wa Trevor.

Merv akaja kwa mara ya tatu, safari hii akazunguka hadi uani. Nilikuwa ndani ya karavani, mkono umegandia dirishani kwa silikoni, siwezi kukimbia. Nikanyamaza, nikatazama juu. Nina hakika hakuniona.

Jumamosi, 13 Aprili

Siku ya jaribio. Glenys akashika bomba la bustani, mimi nikakaa ndani kama mkaguzi.

Maji yaliingia. Dirisha la mbele lilibanduka zima, pweza wote wakaelea hadi jikoni. Lakini jambo ambalo Glenys hakutaka kulisikia ni hili: maji yalipokwisha kuingia hayakutoka tena. Yalibaki humo yakinifika kwenye vifundo. Nikamwonyesha kwamba mimi hapo nimethibitisha jambo, kwamba karavani inazuia maji barabara, ila tu kutokea ndani.

Glenys akavua viatu, akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda cha baba yake, miguu majini. Kisha akaomba nimpe simu. Akampigia Trevor, akamwambia aje na gari Alhamisi kuichukua.

Nimeumia. Namdanganya nani humu? Nimeumia sana. Halafu nikamkumbuka Merv, nikakasirika, nikapata nafuu.

Jumatano, 17 Aprili

Kumbe Glenys alinunua kamba, wale wa baharini, wa kula Ijumaa Kuu, akawaweka friji la gereji. Mbona mtu haambiwi? Leo alifungua mlango, ndoo ikaanguka, harufu ikatoka hadi paka wa jirani akaondoka. Nilijitetea kwamba ndoo ilikuwa nzito ya kutosha. Akaniambia, "Clive, nyamaza kabla sijasema kitu." Akaenda kwa Merv kuomba barafu, labda wataokolewa wachache.

Hakurudi. Nikasikia kicheko. Kicheko chake! Nikavuka ua.

Turubai limeondolewa. Madirisha sita juu ya blanketi, vioo vinang'aa, mpira mpya mweusi umezunguka kila fremu. Madirisha yangu! Nikapiga ukelele: "Mwizi!" Merv akasema, "Karibu, jirani. Mkono umebanduka?"

Hadithi yake, kama unaweza kuiamini. Eti aliyaona nyasini Ijumaa ile, akajua nimepitiwa kama kawaida yangu, akayaondoa kabla wakusanya vyuma hawajapita. Mpira alikuwa nao, bunda zima. Kioo kimoja kilikuwa na ufa, ndiyo akaenda kwa Bi Noske. Angeweza kumpa Glenys, lakini alitaka kunikabidhi mimi mwenyewe, ajionee sura yangu. Akabisha mara tatu. Mara ya kwanza aliona viatu vyangu nyuma ya kochi. Mara ya tatu alinikuta nimegandia dirishani, natazama mbinguni kama mtakatifu. Glenys alicheka hadi akashika ukuta. Sikuona cha kuchekesha.

Ningeweza kumshtaki. Ila yalikuwa nyasini. Sheria hii inafaa zaidi ninapoitumia mimi.

Wameyafunga yote alasiri hiihii, Glenys na Merv, mimi nimeshika ngazi. Kazi ya hovyo, hawakutumia silikoni hata tone. Kisha Glenys akajilaza kwenye kitanda cha nyuma, akaniomba nimwagie maji dirishani. Nikamwagia. Ndani pakavu. Alilala hivyo muda mrefu akisikiliza, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Amempigia Trevor asije.

Mimi sikusahaulika. Amenipa sharti: nimrudishie Merv mashine yake na nimwombe radhi. La sivyo, Ijumaa anakwenda mtoni bila mimi. Alilisema kwa sauti ileile ya siku ile alipoondoa sahani.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Jana nilirudisha mashine. Radhi nayo niliomba, kwa maneno yangu: nilimwambia Merv nimemsamehe. Glenys alifumba macho, lakini Merv akasema imetosha, yaishe.

Asubuhi tulikuwa tayari. Karavani nyuma ya gari, mikate ya Pasaka kwenye kikapu, Glenys kwenye usukani kwa sababu anasema leo anataka kufika. Barabarani marundo bado yapo. Gari la manispaa limechelewa, wanasema litapita baada ya sikukuu. Naye Merv, kama watu wote wa mtaa huu, hawezi kusafiri bila kukata nyasi za mbele, wezi wasijue kwamba nyumba haina mtu. Akakata. Simu ikalia ndani kwake. Akaiacha mashine palepale.

Nyasini. Wiki ya taka haijakwisha.

Nilimwambia Glenys dakika mbili tu. Ilichukua zaidi kidogo, gurudumu la nyuma linakwama, na Merv hajawahi kulirekebisha, mzembe yule. Nilipotoka gereji nikaona dirisha la nyuma la karavani linaishia konani. Limesafishwa vizuri, sikatai. Niliona hata begi langu kitandani. Merv na mkewe wakafuata nyuma, Merv akanipungia mkono, anacheka na machozi yanamtoka.

Glenys amepiga simu sasa hivi. Huko mvua inanyesha vibaya mno. Ndani pakavu kabisa, amejilaza chini ya dirisha anasoma kitabu, Merv anakaanga samaki, na maharage yangu mimi yamo kabatini huku nyumbani. Nikamuuliza kama ana hamu nami hata kidogo. Akasema mvua inagonga sana kioo, hanisikii.

Haidhuru. Wao wana karavani, mimi nina mashine. Nimeikwangua tope, nimeiosha, inang'aa kuliko siku zote alizokuwa nayo yule bwana. Huku kwetu jua linawaka, kwa hiyo nimeiweka pale mbele kwenye nyasi ikauke. Sasa naingia ndani kunywa chai.