Springi Laini kwa Mama Mkwe

Jumanne, 8 Mei 1934
Dorcus anarudi! Mke wangu! Jumamosi atashuka treni Kipkelion, akisindikizwa na mama yake. Aliondoka kwa sababu ya gari langu. Shimo moja tu, kichwa chake kikagonga paa, akauliza nampenda nani zaidi, yeye au gari. Nilichelewa kujibu. Sasa mama yake anakuja kujionea kama hapa Kericho binti yake atakaa salama.

Kuna la kutisha zaidi. Kwetu mtu hagusani na mama mkwe. Hata mkono hampi. Na gari langu huwarusha abiria hadi wakaangukiana!

Jumatano, 9 Mei
Nganga mwenye duka amejitolea kuwachukua kwa gari lake la ng'ombe. Ng'ombe! Nimemwambia sisi ni watu wa injini. Akaniuliza, mbele ya wateja, kama injini ndiyo iliyompiga mke wangu kichwa. Walicheka wote. Nimetoka kwa hasira bila chumvi niliyoendea.

Alhamisi, 10 Mei
Kwa fundi Lazarus. Springi za gari hili ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Lazarus akasema dawa ya mashimo ni kuongeza vyuma. Tukaongeza. Tukajaribu na kikapu cha mayai hadi mtoni. Hakuna yai lililopona. Jino langu la nyuma nalo linacheza.

Ijumaa, 11 Mei
Nimeamua mwenyewe. Kupunguza! Lazarus akanung'unika kwamba mwenye gari ni mimi. Nimelizungusha uwanja wa kiwanda cha chai, ulio tambarare: yai zima, zima kabisa! Lazarus akataka tulijaribu barabarani. Nikaona huko ni kulitafutia mkosi. Badala yake nimetundika blanketi kati ya kiti changu na abiria, heshima isivunjike. Naogopa, lakini nimejiandaa.

Jumamosi, 12 Mei
Siwezi kuandika vizuri. Shingo.

Mvua ilikuwa imejaza mashimo yote, hujui lipi ni la kifundo cha mguu na lipi ni la kaburi. Nyuma ya blanketi walikaa Dorcus, mama yake na kuku. Niliendesha polepole, jasho likinitoka. Mama mkwe alikuwa anaomba Mungu kwa sauti. Shimo la kwanza, gari likabonyea taratibu. Dorcus akasema, kweli limebadilika. Moyo wangu!

Lakini gari likaanza kudunda. Likapanda, likashuka, likapanda tena, na shimo la pili likalikuta hapo hapo. Blanketi likang'oka. Mama mkwe akaja nalo, akatua mgongoni kwangu, mikono yote miwili shingoni. Kuku akatua kichwani.

Kisha, kutoka ndani ya blanketi, mama mkwe akaagiza mtu yeyote asimtazame.

Na nani alikuwa anatokea stesheni na magunia ya chumvi? Nganga. Hakucheka hata kidogo, mshenzi yule. Wakapanda kwake. Dorcus hakugeuka nyuma. Nililia kidogo, gari likiwa bado linadunda.

Jumapili, 13 Mei
Dorcus ametuma neno kutoka kwa shangazi yake Ayoo, walikofikia. Jumatano wanapanda treni kurudi. Nikiuza gari kabla ya hapo, atabaki. Wazee wa kwetu nao wanadai mbuzi wa kunitakasa. Nimewaambia aliyenigusa ni blanketi. Hawakukubali.

Nimefikiri kanisani mahubiri yote. Nampenda Dorcus. Siwezi kumpoteza. Kwa hiyo nimeamua: kosa halikuwa la gari. Springi ngumu mbele, laini nyuma! Lazarus anaanza kesho. Jumatano nitawapeleka stesheni mwenyewe, na wakifika hawatataka kushuka.

Nimenunua pia kamba ya kumfungia mama mkwe kwenye kiti. Dorcus ndiye atakayemfunga. Mimi simgusi. Heshima ni heshima.