Watu Waliohesabiwa kwa Sukari

Kulamawe, Isiolo
Septemba 1979

Kwa Bwana Mkubwa wa Kuhesabu Watu,
Nairobi.

Salaam aleikum, na kama wewe ni Mkristo, habari ya kazi. Sisi huku ni wazima, ingawa kwa hesabu yako hatupo.

Juzi bwana mmoja alisema redioni kwamba watu wa upande wetu walikataa kuhesabiwa. Nilikuwa nakunywa chai, ikanipalia. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Hatukukataa. Chifu alituita barazani akatueleza kwamba serikali haiwezi kuchimba kisima mahali isipojua kuna watu. Tulimwelewa. Siku ya kuhesabiwa hakuna aliyepeleka mifugo malishoni. Mke wangu Sadia aliwaogesha watoto kwa maji aliyoyafuata mbali tangu alfajiri, ili serikali iwakute safi. Mbuzi walilia mchana kutwa, nasi tumekaa tunaangalia barabara.

2. Karani wako alifika, hilo sikatai. Alifika mpaka dukani kwa Shuriye, pale barabarani. Akatazama jua, akatazama viatu vyake vipya, akaagiza chai. Kisha akamwuliza Shuriye huko ndani nyikani kuna watu wangapi. Shuriye ni mtu mkweli. Akamjibu kwamba yeye anawajua wale tu wanaonunua sukari kwake. Karani akasema, "Hao wanatosha," akaandika, akarudi mjini.

3. Kwa hiyo, bwana, tumehesabiwa kwa sukari. Jirani yangu mzee Ado alikatazwa sukari na daktari, basi hayupo. Watoto wanaonyonya hawapo. Lakini dereva wa lori aliyepita akanunua gunia zima na kwenda zake, huyo ameandikwa kama familia kubwa ya hapa. Kikichimbwa kisima, nadhani kitakuwa chake.

4. Kama hatupo, naomba basi tusiwepo sawasawa. Wiki iliyopita askari walimkamata Ado kwa kukosa kipande, kile kitambulisho cha serikali. Nilikwenda kituoni nikawaeleza kwa upole kwamba mtu asiyekuwepo hafungwi. Wakaniuliza kama ningependa kulala naye humo ndani. Kodi nayo isije. Wanaotafuta kura wasije. Dada yangu Abiba amejifungulia njiani akielekea hospitali ya mjini, kwa sababu hapa hakuna zahanati, na zahanati hakuna kwa sababu watu hatupo. Huyo mtoto, kwa mtu asiyekuwepo, analia sana.

5. Ombi langu ni dogo. Tuma karani mwingine, afike mpaka kwenye maboma. Atatukuta wote tumekaa, hata mgonjwa tutamtoa nje. Hakuna watu Kenya hii wanaotaka kuhesabiwa kama sisi.

Nisalimie watoto wako, makarani wako wote, na yule bwana wa redioni; mwambie koo langu limepona.

Ni mimi, niliyekuwepo wakati wote,
Adano Sharamo.

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, tuliona vumbi, na ndani ya vumbi gari la kijani la serikali. Gari la namna hiyo lilipokuja mwaka mmoja huko nyuma kutuuliza tuna ng'ombe wangapi, liliondoka nao. Wanaume wote tulikimbia na mifugo, mimi nikiwa mbele, na maneno haya nayaandikia kichakani. Kumbe alikuwa karani mpya, mwalimu mmoja anayeitwa Gaceri, amekuja kutuhesabu. Sadia hakukimbia; anasema amechoka na mambo hayo. Alimkaribisha mgeni, akajiandikisha yeye na watoto. Haya amenisimulia mwenyewe aliponiletea maziwa. Alipoulizwa kuhusu mume, alijibu, "Andika hayupo." Naomba mnisahihishe kimyakimya, bila kutuma gari.